Mikataba Miwili ya Mwaka 1993: Mipaka, Amani na Swali la Kurudi Nyumbani



Katika toleo hili la kumbukumbu tumeombwa makala ya historia yatakayowafaa wakazi wa Nakivale pamoja na wenzetu wanaofanya kazi katika mashirika ya misaada. Tumechagua jambo linalobishaniwa kila penye redio: ugomvi wa Waisraeli na Wapalestina juu ya mipaka na amani. Katika makazi yetu wako wanaosema, "Wapalestina ni sisi." Wako wanaojibu, "Hapana, Wayahudi ndio sisi." Kila upande una sababu zake, na sababu hizo zinatoka katika historia ya hapa hapa kwetu.

Kwa hiyo makala haya hayatazungumzia nchi ya mbali peke yake. Yataweka pamoja mikataba miwili ya amani iliyotiwa sahihi mwaka mmoja, 1993. Wa kwanza ulitiwa sahihi Arusha, Tanzania, tarehe 4 Agosti, kati ya Serikali ya Rwanda na chama cha RPF. Wa pili ulitiwa sahihi Washington, Marekani, tarehe 13 Septemba, kati ya Israel na Chama cha Ukombozi wa Palestina (PLO). Kati ya sahihi ya kwanza na ya pili zilipita siku 40 tu. Mkataba wa kwanza uliwahusu moja kwa moja watu waliokuwa wakilima na kuchunga kando ya Ziwa Nakivale. Wa pili uliwahusu watu wenye kambi zilizo kongwe kuliko ya kwetu. Tunauliza swali moja: kila mkataba ulimfanyia nini mkimbizi?

MIPAKA ILIYOCHORWA NA WATU WA MBALI

Tuanze na mipaka, kwa sababu ndiko ugomvi unakoonekana kwanza. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba magharibi ya Ziwa Viktoria mpaka wao ufuate mstari wa nyuzi moja kusini ya ikweta. Mstari huo haukujali mto, kilima wala malisho ya mtu. Tarehe 14 Mei 1910, mjini Brussels, Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji zilipatana juu ya eneo la milima ya Mufumbiro. Bufumbira ikabaki Uganda. Rutshuru, Masisi na kisiwa cha Ijwi vikawa vya Kongo ya Wabelgiji. Sehemu nyingine ikawa Rwanda chini ya Wajerumani. Watu wenye lugha moja wakajikuta chini ya bendera tatu, na hakuna aliyewauliza.

Nchi zetu zilipopata uhuru, viongozi waliogopa kwamba kila mpaka ungezua vita. Julai 1964, mjini Cairo, Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) uliamua kwamba mipaka iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni iheshimiwe. Wazee wa Isingiro na Mbarara wanakumbuka jinsi uamuzi huo ulivyovunjwa. Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliteka ardhi ya Tanzania iliyo kati ya mstari wa mpaka na mto Kagera, naye akatangaza kuwa mpaka wa haki ni mto wenyewe. Tanzania ikajibu kwa vita. Februari 1979 Mbarara ilikuwa imetekwa, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Watu wengi walikufa, majumba yakabomoka, na vita vilipokwisha mpaka ulikuwa pale pale ulipowekwa mwaka 1890.

Palestina nayo ilichorewa mistari na wageni. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza iliitawala kwa idhini ya Shirikisho la Mataifa. Tarehe 29 Novemba 1947 Umoja wa Mataifa ulipiga kura kuigawa nchi hiyo iwe na dola mbili, moja ya Wayahudi na moja ya Waarabu. Viongozi wa Wayahudi walikubali. Viongozi wa Waarabu walikataa, wakisema hawawezi kugawiwa nchi yao wenyewe. Tarehe 14 Mei 1948 Israel ilitangazwa, na majeshi ya nchi jirani za Kiarabu yakaingia vitani. Mwaka 1949 mikataba ya kusimamisha vita iliweka mistari mipya. Mikataba hiyo ilisema kwamba mistari ile ilikuwa ya kutenganisha majeshi, haikuwa mipaka ya kudumu. Hata hivyo ndiyo mistari ambayo dunia inaitaja hadi leo inapozungumza juu ya mpaka wa dola ya Wapalestina.

Hapa yafaa kusahihisha jambo linalosemwa mara nyingi, kwamba Wayahudi walitaka kupewa Uganda yetu. Ni kweli kwamba mwaka 1903 Serikali ya Uingereza, kwa mkono wa waziri wake Joseph Chamberlain, iliwapa viongozi wa Wayahudi wazo la kuhamia Afrika ya Mashariki. Lakini ardhi iliyotajwa ilikuwa nyanda za juu za Uasin Gishu, karibu na mji wa Eldoret wa sasa. Eneo hilo lilikuwa limetolewa Uganda mwaka 1902 na kutiwa katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mkutano wao uliofanyika Basel mwaka 1903 ulibishana vikali juu ya wazo hilo, na mwaka 1905 likakataliwa. Wenyeji wa ardhi hiyo hawakuulizwa katika mazungumzo yote hayo. Jambo hili latuonyesha tabia ya watawala wa zama zile: kutibu shida ya watu walioteswa kwa kugawa ardhi ya watu wengine.

NENO DOGO LILILOZUA MABISHANO

Juni 1967, katika vita vya siku sita, Israel iliteka Ukingo wa Magharibi, Yerusalemu ya Mashariki, Ukanda wa Gaza, Sinai ya Misri na Milima ya Golani ya Syria. Tarehe 22 Novemba mwaka huo Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 242. Lilitaka majeshi ya Israel yaondoke katika maeneo yaliyotekwa, kila dola ya eneo lile iishi kwa usalama, na suala la wakimbizi litatuliwe kwa haki.

Mabishano yakazuka juu ya neno. Maandishi ya Kiingereza hayana kile kineno kidogo ambacho kingeonyesha kuwa ni maeneo yote yaliyotajwa. Maandishi ya Kifaransa yanacho. Israel ikasema: hatukuambiwa tuondoke kote. Waarabu wakasema: mmeambiwa muondoke kote. Kiswahili chetu hakina kineno cha namna hiyo. Sisi tukisema "maeneo yaliyotekwa", msikilizaji atauliza, "Yapi? Yote?" Swali hilo rahisi la Kiswahili wanadiplomasia wamelibishania kwa zaidi ya nusu karne.

Lakini angalia: juu ya mpaka waliandika na kubishana neno kwa neno. Juu ya wakimbizi waliandika kwamba suala lao "litatuliwe kwa haki", basi. Hawakusema nani arudi, arudi wapi, na shamba lake likiwa na mtu mwingine ifanyweje.

WATU WALIOBAKI NG'AMBO YA MSTARI

Katika vita vya 1948 Wapalestina zaidi ya laki saba walikimbia au walifukuzwa. Tarehe 11 Desemba 1948 Umoja wa Mataifa ulisema, kwa azimio namba 194, kwamba wakimbizi wanaotaka kurudi na kuishi kwa amani na jirani zao waruhusiwe, na wasiotaka kurudi walipwe fidia ya mali zao. Hawakuruhusiwa. Mwaka 1950 Israel ilipitisha sheria ya mali za watu wasiokuwepo, na nyumba na mashamba ya waliokimbia yakatwaliwa. Mwaka huo huo ilipitisha Sheria ya Kurejea, inayompa Myahudi yeyote wa dunia haki ya kuhamia Israel. Kwa upande wao, Wayahudi walikuwa wametoka katika mauaji ya Manazi yaliyoangamiza watu wapatao milioni 6, na milango mingi ya dunia ilikuwa imefungwa mbele yao. Tena mamia ya maelfu ya Wayahudi wa Iraq, Yemen, Misri na nchi nyingine za Kiarabu waliacha makwao katika miaka iliyofuata, na wengi wakapokelewa Israel. Haya yote ni kweli kwa pamoja, na mtu anayesimulia upande mmoja tu hajasimulia historia.

Shirika la kuwahudumia Wapalestina, UNRWA, liliundwa Desemba 1949 na kuanza kazi Mei 1950. Kwa hiyo Mpalestina aliye kambini Lebanoni, Yordani, Syria au Gaza hahudumiwi na UNHCR kama sisi. Watoto na wajukuu wa wale wa 1948 huandikishwa na shirika hilo, nao sasa ni mamilioni.

Rwanda nayo ilitoa watu wake. Kuanzia Novemba 1959 Watutsi walichomewa nyumba, waliuawa na kufukuzwa. Walikimbilia Uganda, Kongo, Burundi na Tanganyika. Nakivale ilifunguliwa kwa ajili yao, ikatambuliwa rasmi mwaka 1960, na Oruchinga ikafuata. Mashamba yao kule Rwanda yaligawiwa au kuchukuliwa na waliobaki. Wengine walijaribu kurudi kwa silaha. Shambulio la Desemba 1963 lilishindwa, na maelfu ya Watutsi waliokuwa ndani ya nchi wakauawa kwa kisasi. Miaka ikapita. Tarehe 26 Julai 1986 chama tawala cha Rwanda kilitangaza kwamba nchi ni ndogo na imejaa, haiwezi kuwapokea wakimbizi wote kwa pamoja.

Israel nayo imekataa kurudi kwa Wapalestina wote, kwa kusema kwamba Wayahudi wangekuwa wachache katika dola waliyoijenga wapate usalama. Sababu hizi mbili hazifanani. Hata hivyo mkimbizi aliyezisikia alipata jibu moja: nafasi yako imekwisha kuchukuliwa.

Wakati huo hata nchi ya ugenini haikuwa salama. Oktoba 1982, katika wilaya ya Mbarara ya wakati huo, viongozi wa wilaya na vijana wa chama tawala waliwafukuza Wanyarwanda majumbani mwao, wakiwemo waliozaliwa Uganda. Makumi ya maelfu walisukumwa kuelekea mpakani. Novemba Rwanda ikaufunga mpaka. Maelfu wakanaswa katika ukanda mwembamba kati ya nchi mbili, na wengine wengi wakajazana Nakivale na Oruchinga. Miaka kumi baadaye, Desemba 1992, Israel iliwatoa Wapalestina wapatao 415 na kuwaacha mlimani kusini ya Lebanoni, na Lebanoni ikakataa kuwapokea. Nao wakaishi katika mahema katikati ya majira ya baridi, mahali ambapo hakuna nchi iliyosema ni pake kwa watu wale.

Matokeo ya kufunga milango yalifanana. Vijana waliozaliwa kambini walishika bunduki. PLO iliundwa mwaka 1964 na ikapata wapiganaji wengi katika kambi za Yordani na Lebanoni. RPF iliundwa mwaka 1987, na tarehe 1 Oktoba 1990 wapiganaji wake waliingia Rwanda kutoka Uganda kupitia Kagitumba. Wengi wao walikuwa watoto wa wale waliovuka mpaka huo kwa miguu mwaka 1959 na miaka iliyofuata.

ARUSHA: SWALI LILIJIBIWA KWA KARATASI

Mazungumzo ya Arusha yalianza katikati ya mwaka 1992 na kuchukua zaidi ya mwaka mmoja. Katika mambo yaliyoandikwa, lililo karibu nasi zaidi ni itifaki ya tarehe 9 Juni 1993 juu ya kurudi kwa wakimbizi. Ilisema kwamba kurudi ni haki ya kila Mnyarwanda mkimbizi, haki isiyoondoleka. Ilisema kwamba anayerudi ana hiari ya kukaa popote nchini, ili mradi asiingilie haki ya mwingine.

Kisha likaja fundo gumu: shamba. Itifaki ilitambua haki ya mali, lakini ikapendekeza kwamba, kwa ajili ya mapatano ya taifa, aliyeondoka zaidi ya miaka kumi iliyopita asidai shamba lake ambalo sasa lina mtu mwingine. Badala yake Serikali impe ardhi nyingine na kumsaidia kuanza maisha.

Hebu tufikirie uzito wa jambo hilo. Mzee aliyeondoka mwaka 1959 alikuwa akiwaonyesha wanawe, kwa maneno tu, ule mgomba, ule mteremko, lile kaburi la babu. Mkataba ukamwambia: nchi utarudi, shamba hilo hutalipata. Na yule aliyekuwa akililima shamba hilo kwa miaka thelathini akaambiwa: hutafukuzwa, lakini utaishi jirani na mtu anayejua kwamba pale palikuwa kwao. Kila upande ulipewa kitu na kunyimwa kitu. Walioandika kifungu hicho walikubali kwamba haki ya kurudi ni jambo moja, na kurudishiwa udongo ule ule ni jambo lingine. Hapo ndipo Arusha ilipokuwa na ujasiri kuliko mikataba mingi ya dunia.

Tarehe 4 Agosti Rais Juvénal Habyarimana na Alexis Kanyarengwe, mwenyekiti wa RPF, wakatia sahihi.

WASHINGTON: SWALI LILIAHIRISHWA

Tarehe 13 Septemba, Yitzhak Rabin wa Israel na Yasser Arafat wa PLO walipeana mikono mbele ya Rais Bill Clinton. Mkataba wao unaitwa wa Oslo kwa sababu ulipangwa kwa siri Norwe. Uliwapa Wapalestina utawala wao wenyewe katika sehemu za Gaza na Ukingo wa Magharibi kwa muda wa mpito wa miaka mitano. Mambo mazito yaliwekwa kando yazungumzwe baadaye: Yerusalemu, wakimbizi, makazi ya walowezi, usalama na mipaka.

Msomaji asichanganye neno. Sisi husema "makazi" tukimaanisha mahali mkimbizi alipopewa kiwanja na Serikali. Makazi ya walowezi ni miji na vijiji ambavyo Waisraeli wamejenga katika ardhi iliyotekwa mwaka 1967. Wakati wa kutia sahihi, walowezi wa Ukingo wa Magharibi, bila kuhesabu Yerusalemu ya Mashariki, walikuwa laki moja na kidogo. Miaka thelathini baadaye walikuwa wamefika karibu laki tano. Kwa hiyo wakati mpaka unasubiri kuzungumzwa, ardhi yenyewe ilikuwa inabadilika kila mwaka. Waisraeli nao wanasema kwamba wakati mazungumzo yakiendelea, mabomu ya kujitoa mhanga yalilipuka katika mabasi na masoko yao, na kwamba hawawezi kurudi nyuma ya mstari bila kuhakikishiwa usalama.

Tarehe 4 Novemba 1995 Rabin aliuawa na Myahudi mwenzake aliyeupinga mkataba. Julai 2000, Camp David, yale maswali yaliyoahirishwa yaliwekwa mezani, na mazungumzo yakavunjika. Mwezi Septemba ghasia kubwa zikaanza. Israel iliondoka ndani ya Gaza mwaka 2005, lakini Gaza ikabaki imezingirwa. Tarehe 7 Oktoba 2023 wapiganaji wa Hamas waliingia Israel, wakaua watu wapatao 1,200 na kuteka wengine wapatao 250. Katika vita vilivyofuata Wapalestina makumi ya maelfu waliuawa Gaza, na karibu wakazi wake wote wakahamishwa, wengi wao wakiwa tayari ni wana wa wakimbizi wa 1948. Tarehe 19 Julai 2024 Mahakama ya Kimataifa ya The Hague ilitoa maoni kwamba kuendelea kwa Israel kukaa katika maeneo yaliyotekwa ni kinyume cha sheria. Israel iliyakataa maoni hayo.

KARATASI NZURI NA MIKONO MIBAYA

Mtu atasema: basi Arusha ilishinda na Oslo ilishindwa. Sivyo. Mkataba wa Arusha ulikuwa na jibu, lakini walikuwepo wenye nguvu ambao hawakutaka jibu hilo litekelezwe. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana iliangushwa, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Katika siku zipatazo 100 watu wapatao laki nane au zaidi waliuawa, pamoja na Wahutu waliokataa kuua au waliopinga siasa hiyo. Umoja wa Mataifa ulikuwa na askari nchini, na katikati ya mauaji ukapunguza idadi yao. Kuandika mkataba na kuulinda ni kazi mbili.

Wakimbizi wa zamani walirudi, lakini walirudi baada ya vita, si kwa utaratibu wa itifaki. Watu wapatao laki saba au zaidi waliingia Rwanda, wengi kutoka Ankole na ng'ombe wao. Wakati huo huo wengine wapatao milioni mbili walikuwa wakitoka. Mwisho wa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Tanzania. Julai wapatao milioni moja waliingia Goma.

Swali la shamba likarudi kwa njia nyingine. Waliorudi mwaka 1994 waliingia katika nyumba zilizoachwa. Mwaka 1996 wenye nyumba hizo wakarudi kwa wingi kutoka Zaire na Tanzania. Serikali ikatafuta njia: katika mikoa ya mashariki watu waliambiwa wagawane mashamba, vijiji vipya vikajengwa, na mwaka 1997 zaidi ya nusu ya hifadhi ya Akagera ikatolewa kwa makazi na malisho.

Nakivale iliyaona yote haya. Mwaka 1994 na 1995 Wanyarwanda wa zamani waliacha nyumba zao hapa wakaenda kwao. Haukupita muda, wakaja Wanyarwanda wengine, safari hii wengi wao Wahutu, wakapewa viwanja katika ardhi hii hii. Kurudi kwa mmoja na kukimbia kwa mwingine vilipishana njiani. Baada ya 1996 wakaja Wakongomani, kwa vita ambavyo chanzo chake kimoja ni ile mistari ya 1910 na swali la nani ni raia. Sheria ya Zaire ya mwaka 1981 iliwataka watu waonyeshe kwamba babu zao walikuwepo nchini mwaka 1885, yaani kabla mpaka wenyewe haujachorwa. Watu waliolala raia wakaamka wageni.

Hapa sasa tunaelewa ule ubishi wa penye redio. Aliyenyang'anywa shamba na kuambiwa asirudi anajiona katika Mpalestina. Ambaye jamaa zake waliangamizwa, kisha akarudi nchi ya babu zake baada ya miaka mingi ya ugeni, anajiona katika Myahudi. Tena mtu mmoja anaweza kuwa yote mawili, akihesabu miaka vizuri. Hatari inakuja pale mtu anapotumia uchungu wa mbali kuufuta uchungu wa jirani yake hapa.

MASWALI YA KUULIZA KILA MKATABA

Mikataba haijakwisha. Tarehe 27 Juni 2025 Kongo na Rwanda zilitia sahihi mkataba mwingine Washington, wakati Goma ikiwa mikononi mwa M23 tangu Januari ya mwaka huo. Wakazi wengi wa Nakivale ni Wakongomani, nao wanauliza kama kuna la kutegemea. Historia ya mwaka 1993 inatupa maswali ya kuuliza karatasi yoyote ya amani.

Kwanza, je, inamtaja mkimbizi kwa maneno ya wazi, au inasema tu kwamba suala lake litatuliwa? Likiahirishwa, ardhi haitasubiri.

Pili, inasema nini juu ya shamba lenye mtu mwingine? Mkataba unaoahidi kwamba kila mtu atarudishiwa kila kitu unajua kwamba hautatimizwa. Unaonyamaza unaandaa ugomvi wa baadaye.

Tatu, nani atalinda wanaorudi na wale watakaowakuta? Bila jibu, wanaorudi leo watazaa wakimbizi wa kesho.

Nne, je, kurudi ni kwa hiari? Mkataba wa OAU juu ya wakimbizi, uliopitishwa Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969, unasema wazi kwamba hakuna mkimbizi wa kurudishwa kinyume cha hiari yake. Hata hivyo, Julai 2010 watu zaidi ya 1,700 walipakiwa kwenye malori kutoka Nakivale na Kyaka II wakapelekwa Rwanda kwa nguvu, na UNHCR ikalalamika. Wenzetu wa mashirika, hasa mliokuja karibuni, mlijue hilo. Mkiona watu wanaogopa kwenda mkutanoni wanapoitwa kwa habari ya kurudi, msidhani ni ukaidi.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Uganda ilitupa jembe pamoja na ardhi ya kulima, na kwa hilo tunawashukuru wenyeji. Lakini hata hapa mpaka wa makazi umekuwa na mabishano kati yetu na wakulima na wafugaji wa jirani. Mabishano hayo ni madogo, nayo yanataka mambo yale yale: kila upande usikilizwe, makubaliano yaandikwe wazi, na yalindwe. Tukiweza kumaliza ugomvi wa mpaka wa shamba la mahindi bila panga, tutakuwa tumejifunza jambo ambalo wakubwa wengi hawajaliweza.

Vijana wengi wanaosoma makala haya wamezaliwa hapa. Kwao "nyumbani" ni neno la wazazi. Wasimulieni habari za kijiji mlichokiacha, jina la mto wake na nani alikuwa jirani. Wasimulieni pia habari za yule anayelima pale sasa, kwamba naye ana watoto. Mtoto aliyesikia yote mawili ndiye atakayefaa kukaa mezani siku watakapoitwa watu wa kuandika mkataba mwingine.